Sukari ya maziwa iliyoifunga chemchemi ya Kwa Joakim

Saa moja kasoro robo asubuhi, Lidia Nchimbi anafunga dirisha la maabara ili upepo wa ziwani usiiguse mizani. Anavua pete ya ndoa na kuiweka kwenye kisahani. Ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, kisha anaiacha ikauke yenyewe, vidole vikiwa juu, bila kugusa kitambaa.

Halafu anafungua chupa nyeupe ya plastiki yenye kifuniko cha bluu. Ndani mna unga mweupe, mkavu, mlaini kuliko chumvi ya mezani. Anauchota kwa kijiko chembamba cha chuma na kuudondosha kidogo kidogo juu ya karatasi iliyo kwenye mizani, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Tano," anasema. "Gramu tano kamili. Mama, njoo utazame."

Kwenye benchi karibu na mlango ameketi bibi mmoja aliyejitanda kitenge cheusi. Anainuka taratibu, anasogeza uso karibu na mizani, na kuzisoma tarakimu huku midomo ikichezacheza.

"Tano," naye anasema. "Nimeiona, sista."

Anarudi kwenye benchi lake.

Bibi huyo ni Scholastica Haule, mwenye umri wa miaka 68. Si mfanyakazi wa kituo hiki cha afya kilichopo mwambao wa Ziwa Nyasa, kusini mwa Liuli, wala hakuja kutibiwa. Mkutano wa kijiji ndio uliomtuma akae hapo na kutazama kila kinachopimwa, kuanzia kijiko cha kwanza hadi cha mwisho. Leo ni mara ya tatu, na ndiyo ya mwisho.

Kinachopimwa ni maji ya chemchemi ya Kwa Joakim, ambayo kaya 140 ziliitegemea. Tyubu za kioo zenye maji hayo na supu ya kupimia zikibaki na rangi yake hadi keshokutwa, chemchemi itafunguliwa. Zikigeuka, watu wataendelea kuchota ziwani.

Aliyesababisha chemchemi ifungwe mwezi Machi ni Lidia huyuhuyu, kwa kosa lake mwenyewe. Na mume wa Bibi Scholastica, Mzee Isidori, alizikwa mwezi uliofuata.

Unga ulio kwenye chupa ni sukari ya maziwa, ambayo watu wa maabara huiita laktosi. Hutolewa kwenye yale majimaji yanayobaki maziwa yakishagandishwa, ikasafishwa tena na tena mpaka isibaki na kitu kingine chochote. Chupa ya gramu 250 ilitoka Dar es Salaam kwa basi hadi Mbinga, ikateremka milima hadi ziwani kwenye gari la mizigo, ikiwa imefungwa ndani ya sanduku la sindano.

Lidia, mwenye umri wa miaka 57, anaeleza kazi ya sukari hiyo kama mama anayemwelekeza mkwe jikoni.

"Wadudu wanaotoka kwenye choo, wale wa tumboni, wanaijua sukari ya maziwa. Ukiwawekea wanakula, wakishakula wanatoa asidi na hewa. Wadudu wa kwenye udongo na majani wengi hawaijui. Wataizunguka tu. Kwa hiyo nikichanganya supu yangu na sukari hii, nikatia maji ya chemchemi, nikangoja siku mbili kwenye joto, supu yenyewe inaniambia kama choo kimeingia kwenye maji."

Supu hiyo ina rangi ya zambarau, kama joho la padre wakati wa Kwaresima. Wadudu wa choo wakiwemo, inageuka njano. Ndani ya kila tyubu kuna kityubu kingine kidogo kilichopinduliwa, na hewa ikitoka hunaswa humo kama kiputo.

"Sasa sharti lake ni moja," anasema, akikaza kifuniko cha bluu mpaka vidole vinakuwa vyeupe. "Iwe sukari ya maziwa peke yake. Ikiingia glukosi, umekwisha. Glukosi kila mdudu anakula."

Lidia hakuzaliwa ziwani. Kwao ni Ukata, juu milimani, kwenye nyumba iliyozungukwa na mibuni. Anakumbuka baba yake akiosha kahawa kwenye beseni, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watoto wakikatazwa kuondoka mpaka maji yatoke yalivyoingia.

Aliolewa mwambao na Victor, mvuvi, akaanza kazi kituoni mwaka 1994 kama mfagizi. Alikuwa akiosha chupa za maabara. Mganga wa wakati huo aligundua kwamba chupa zilizooshwa na Lidia hazikuwa na doa hata moja, akamwombea nafasi ya kusomea cheti. Leo mshahara wake, kwa maneno yake mwenyewe, "haufiki laki saba, na mimi siulaumu, umesomesha watoto watatu."

Mwanawe wa kwanza anaitwa Glorious, ndiyo maana kijiji kizima humwita Mama Glorious. Bibi Scholastica naye alimwita hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Tangu msiba anamwita sista, kama mgonjwa aliyetoka kijiji cha mbali.

Mwezi Machi mvua ilinyesha siku kumi na moja bila kupumzika. Kuta za maabara zilitoka jasho. Kifuniko cha chupa ya zamani ya laktosi kilikuwa kimepasuka, na unga uliobaki, kama gramu sitini, ulianza kushikana mabonge.

Lidia alitafuta chombo kikavu. Juu ya rafu palikuwa na kopo la bati, zito, lenye mfuniko unaobana vizuri. Lilikuwa kopo la glukosi, ile wanayokorogewa wagonjwa waliokosa nguvu, na lilikuwa limeisha.

Aliligonga chini mara tatu. Akalifuta ndani kwa kitambaa kikavu kilichochemshwa na kuanikwa. Hakuliosha.

Mtu wa bara anaweza kushangaa. Lakini mwanamke yeyote wa mwambao anajua kwa nini. Debe la unga wa muhogo halioshwi masika. Ukiliosha halikauki, na unga ukikutana na unyevu unaota ukungu kabla ya Jumapili. Debe hugongwa, hufutwa, basi.

"Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, mwaka ule nilioolewa," anasema Lidia. "Nilikuwa nimeliosha debe lake, unga wa wiki nzima ukaharibika. Alinisema mpaka nikalia. Tangu siku hiyo sijaosha debe masika. Siku ile maabara sikufikiri hata kidogo. Mkono wenyewe ulifanya."

Kwenye mkunjo wa chini wa lile kopo, pale bati linapokutana na bati, glukosi ilikuwa imegandamana kwa unyevu. Labda kijiko kimoja cha chai. Kikachanganyika na sukari ya maziwa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Wiki hiyohiyo akapima maji ya Kwa Joakim, kama anavyofanya kila masika. Siku ya pili tyubu zote kumi zilikuwa njano.

"Viputo vilikuwa vidogo, kama kichwa cha pini. Nilijiuliza, mbona vidogo? Lakini rangi ilikuwa imegeuka, na mvua ilikuwa kubwa, nikasema labda choo kimefurika huko juu. Nikaandika karatasi."

Kuna kipimo kimoja ambacho kingemwonya. Kila mara hutakiwa kuweka tyubu mbili za ziada, ambazo yeye huziita mashahidi. Moja hutiwa mdudu wa choo anayejulikana, nayo lazima igeuke njano. Nyingine hutiwa mdudu asiyeijua sukari ya maziwa, nayo lazima ibaki zambarau. Mwezi Machi umeme ulikatika siku nne, friji ikapata joto, na mdudu wa shahidi wa pili akafa. Lidia alipima bila shahidi huyo.

Karatasi ilifika kwa mwenyekiti wa kijiji, Salvatory Ndunguru. Jioni hiyohiyo bomba la chemchemi lilizibwa kwa kigingi cha mti na kitambaa, na ubao ukapigiliwa misumari: MAJI HAYAFAI.

Watu wakashuka ziwani. Mzee Isidori, mwenye miaka 71, alikuwa na mazoea ya kuchota maji mwenyewe kila asubuhi, ndoo moja, kwa sababu mkewe ana maumivu ya goti. Njia ya kwenda chemchemini ilikuwa fupi, kama mlango wa pili kutoka kwake. Ya ziwani ilimchukua nusu saa.

Kuni zilikuwa zimelowa. Siku nyingine walichemsha maji, siku nyingine hawakuweza.

Watu tisa waliugua kuharisha na kutapika ndani ya wiki tatu. Wanane walipona. Mzee Isidori alianza kuumwa Jumanne usiku, na Alhamisi kabla ya adhuhuri alifariki kituoni, vyumba viwili kutoka maabara.

Lidia alikwenda msibani na kilo tano za unga. Bibi Scholastica alizipokea mlangoni, akasema asante. Wakati huo hakuna aliyejua lolote, hata Lidia mwenyewe.

Siku nane baada ya mazishi, mdudu mpya wa shahidi aliletwa. Lidia akaandaa supu ili kupima maji ya kisima cha kituo, akaweka mashahidi wake wawili, akalala. Siku ya pili asubuhi akafungua inkubeta, lile kabati la joto linalotunza tyubu.

"Yule shahidi wa zambarau alikuwa njano. Njano kama mkojo wa asubuhi. Nilikaa chini pale kwenye sakafu."

Alilitazama kopo. Kisha akafanya jambo ambalo kila aliyesoma maabara anakatazwa kulifanya: alilowesha ncha ya kidole, akagusa unga, akaweka ulimini. Sukari ya maziwa ina utamu mdogo, wa kutafutwa. Huu ulikuwa mtamu palepale.

"Niliwaza jambo moja tu," anasema. "Niliwaza, Isidori alikuwa anapita hapa dirishani na ndoo yake, akinisalimia."

Alimweleza mganga mfawidhi, Dokta Wilfred Mapunda. Mganga huyo hafichi kwamba alijaribu kumpunguzia mzigo.

"Nilimwambia, mama, tunaweza kupima upya, tukawaandikia watu kwamba sasa maji yako salama. Hilo lingekuwa kweli, na chemchemi ingefunguliwa. Akaniuliza, 'Na Bibi Scholastica tutamwandikia nini?'"

Mkutano ulifanyika siku ya Jumapili baada ya ibada, mbele ya ofisi ya kijiji. Lidia alisimama na kopo mkononi. Alieleza kila kitu: mvua, kifuniko kilichopasuka, kugonga mara tatu, kufuta, hata kidole alicholamba.

Sauti zikaanza.

"Yaani tumefungiwa maji kwa ajili ya kopo la glukosi?"

"Sista, uliilamba kwanza au uliilamba mwisho?" akauliza kijana mmoja, na watu wakacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kwanza unasema machafu, leo unasema masafi," akasema mama mmoja. "Kesho utasema nini? Tukuamini lini?"

Bibi Scholastica alikuwa amekaa mbele. Alingoja kelele ziishe.

"Isidori alikwenda ziwani kwa sababu karatasi yako ilisema," alisema. "Alikuwa mtu wa kuamini karatasi."

"Ndiyo, mama," Lidia akajibu. "Karatasi ilikuwa yangu."

Usiku huo wenzake walimshauri achukue likizo. Asubuhi saa moja alikuwa kazini.

Mkutano uliamua hivi: maji yapimwe mara tatu, kila baada ya wiki mbili, kwa sukari mpya isiyofunguliwa na mtu, na mwanakijiji mmoja awepo kuona. Salvatory anakumbuka kwamba majina matatu yalitajwa, yote ya wanaume waliosoma sekondari.

"Bibi Scholastica akanyoosha mkono, akasema atakwenda yeye. Tukamwambia, mama, utaelewa kweli mambo ya maabara? Akasema, 'Mimi nimesoma darasa la nne. Kuhesabu mpaka tano naweza, na rangi nazijua.' Nani angembishia?"

Ndivyo wanawake hawa wawili walivyojikuta kwenye chumba kimoja chenye upana wa hatua sita.

Mara ya kwanza, mwezi Mei, hawakusemezana isipokuwa tarakimu. Mara ya pili Bibi Scholastica aliuliza maswali. Kwa nini unaosha chupa mara nne? Kwa nini huyu shahidi wa kwanza unataka ageuke? Akiambiwa, anarudia maneno polepole, kama mtu anayejaza kibaba.

Leo, Jumatatu, anajua kazi. Supu ikiwa kwenye sufuria la presha juu ya mkaa, yeye ndiye anayetazama saa ya ukutani.

"Dakika kumi na tano zimetimia, sista. Ulisema ikizidi sukari inaharibika."

"Inaharibika, mama. Naitoa."

"Na wale mashahidi?"

"Hawa hapa. Wa ndiyo, na wa hapana."

"Huyu wa hapana ndiye hukumweka mwezi wa tatu."

"Ndiye huyo."

Lidia anaandika namba kwenye kila tyubu kwa kalamu ya wino mzito. Shingoni, karibu na ukosi wa koti jeupe, mshipa unaonekana ukipiga.

Juu ya dirisha lipo lile kopo la glukosi, tupu. Limebandikwa karatasi yenye mwandiko wake: Lilifutwa, halikuoshwa. Dokta Wilfred alitaka litupwe. Lidia alikataa, akasema atakayekuja baada yake alikute.

Anastaafu baada ya miaka mitatu. Mpango wake ni mmoja, na ameuandika nyuma ya daftari la vipimo. Kati ya kijiji hiki na Liuli kuna chemchemi kumi na moja anazozijua. Anataka kila moja ipimwe masika na kiangazi, kwa mashahidi wote wawili, na kila kijiji kitume mtu wake akae kwenye benchi.

"Zamani ningeona ni dharau, mtu kunikalia hapa na kunihesabia vijiko," anasema. "Sasa nikiwa peke yangu ndipo naogopa. Benchi hili silitoi tena." Anatazama mlangoni, anashusha sauti. "Ningependa wa kijiji chetu aendelee kuwa yeye. Lakini sijamuuliza. Sina uso wa kumuuliza."

Jumatano asubuhi, Bibi Scholastica amefika kabla mlango haujafunguliwa. Wanasalimiana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fungua."

Lidia anavuta mlango wa inkubeta. Anatoa kishikio cha mbao na kukiweka kwenye mwanga, kisha anarudi nyuma hatua mbili ili mwenzake atazame kwanza.

Bibi Scholastica anahesabu kwa kidole bila kugusa. Kumi, zambarau. Vityubu vya ndani vimejaa supu, hakuna kiputo. Shahidi wa ndiyo amegeuka njano. Anakaa muda mrefu kwa shahidi wa hapana. Anainama, anamtazama kwa upande, kisha anamtazama kwa upande mwingine.

"Amebaki," anasema.

"Amebaki, mama."

Bibi anakaa kwenye benchi. Anavuta ncha ya kitenge na kufuta macho, bila haraka, jicho moja kisha la pili. Lidia anabaki amesimama, mikono ikiwa pembeni. Nje anasikika mama mmoja akimbembeleza mwanawe anyonye kabla ya sindano.

Saa nne wako Kwa Joakim. Watu kama themanini wamekuja, ndoo zikiwa mikononi, siyo vichwani. Salvatory anang'oa ubao, kisha anakivuta kigingi. Maji yanatoka na rangi ya chai ya kutu kwa muda, yanakohoa, halafu yanakuwa meupe na kuimba kwenye zege kama zamani.

Hakuna anayesogea.

"Anywe yeye kwanza!" inasikika sauti kutoka nyuma. Wengine wanaunga mkono. "Ndiyo, sista anywe!"

Lidia amebeba kishikio cha tyubu kwenye kikapu kilichofunikwa kitambaa. Anakifunua.

"Kunywa kwangu hakupimi kitu," anasema. "Jinsi ninavyojisikia tangu Aprili, mimi ningekunywa hata yangekuwa mabaya. Msinitazame mimi. Njooni mtazame hizi."

Watu wanageuka kumtazama Bibi Scholastica.

Bibi anasogea na ndoo yake ya bati, ileile iliyokuwa ikishushwa ziwani. Anaiosha mara ya kwanza, anamwaga. Ya pili, anamwaga. Ya tatu maji yanatoka yalivyoingia. Anaijaza. Anasokota kipande cha kanga kuwa kata na kukiweka kichwani. Goti linamsumbua, na ndoo ikijaa ni nzito kwa mtu mmoja. Akina mama watatu wanajongea kumsaidia. Anawapungia mkono wakae.

"Mama Glorious," anaita. "Njoo unitwishe."

Lidia anaweka kikapu chini. Wanashika ndoo pamoja, kila mmoja upande wake, na kuipandisha. Maji yanamwagika kidogo kwenye koti jeupe.

Bibi anasimama sawasawa, shingo ikiwa imenyooka chini ya mzigo.

"Nitachemsha," anasema.

"Chemsha, mama," Lidia anajibu. "Hata mimi nachemsha."